Mauntingi za gari kongwe: ya kununua na ya kuiacha dukani

Mauntingi ni kile kipande cha mpira na chuma kinachobeba injini au giaboksi kwenye gari. Tuanze na hukumu, sababu zifuate. Kwa gari kongwe linalotembea barabarani, nunua mauntingi ya mpira wa kawaida yenye ugumu uleule aliouchagua mtengenezaji wa gari, mradi mpira umeshikana sawasawa na chuma. Ya poliyurethini, ile plastiki ngumu inayonyumbuka, ni ya gari la mashindano, au ya zile bushi ndogo zinazozuia injini isiyumbe. Ile "mpya" iliyokaa stoo miaka thelathini ibaki kwenye boksi lake. Na kama gari ni la nadra kiasi kwamba hakuna anayelitengenezea vipuri tena, vyuma vyako vya asili visitupwe. Vipelekwe vikavalkanaiziwe mpira mpya, yaani mpira mbichi upikwe juu yake mpaka ushikane na chuma. Ndiyo njia ghali kuliko zote, na kwa magari hayo ndiyo njia pekee inayoeleweka.

Ugumu wa kuchagua unatokana na kwamba mauntingi ina kazi mbili zisizopatana. Inatakiwa kuishika injini isisogee pale klachi inapoachiwa, na wakati huohuo iiache icheze kidogo ili mtetemo wake usifike kwenye bodi. Ukiikaza sana kwa ajili ya kazi ya kwanza, unaiua ya pili. Magari mengi ya mwanzo yalifungwa injini moja kwa moja kwenye chesisi, na abiria walitetemeka pamoja nayo. Mwaka 1931 Plymouth PA ilikuja na mpangilio ulioitwa Floating Power: injini imebebwa na mipira sehemu mbili, mbele ikiwa juu na nyuma ikiwa chini, ili mstari unaounganisha sehemu hizo upite karibu na kitovu cha uzito wa injini. Citroën wakanunua haki ya kuutumia, na kwenye magari yao wakaweka nembo ya bata maji anayeelea. Karibu kila gari kongwe lililofuata limerithi wazo hilo: mpira ule haukuwekwa kujaza nafasi, umepigiwa hesabu.

Hesabu yenyewe si ngumu. Injini ya silinda nne zilizopangwa mstari mmoja hutoa mtikisiko wake mkubwa mara mbili kwa kila mzunguko wa krenki. Ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyagwa mafuta, kwa mizunguko 800 kwa dakika, hiyo ni kama mitikisiko 27 kwa sekunde. Mauntingi huanza kuukata mtikisiko pale tu mdundo wa asili wa injini juu ya mipira yake, yaani mara ngapi kwa sekunde ingecheza yenyewe ikisukumwa na kuachwa, unapokuwa chini ya hapo kwa mara 1.4, yaani chini ya 19 hivi kwa sekunde. Chukua mfano wa gari ambalo mipira yake ya asili inaipa injini mdundo wa 11. Liko salama. Sasa weka mipira yenye ukakamavu mara tatu: mdundo unapanda kwa kipeuo cha pili cha tatu, kama mara 1.7, unafika 19. Umetumia pesa kununua mauntingi isiyokinga kitu kwenye sailensa. Ndiyo maana kioo cha kati cha kutazamia nyuma kinatetema mpaka hakionyeshi vizuri ukisimama kwenye taa nyekundu, na mwenye gari anaanza kuhangaika na kabureta isiyo na kosa.

Mpira wa kawaida

Mauntingi nyingi za magari ya barabarani zina ugumu wa kati ya 45 na 60 kwa Shore A, kipimo cha ugumu wa mpira ambacho namba kubwa ni mpira mgumu zaidi. Mpira wa asili ndio unaotumika zaidi, na kwa sababu nzuri: unavumilia kukunjwa mamilioni ya mara na hauchaniki haraka. Adui zake ni watatu, mafuta, joto na ozoni. Mafuta yanaufanya uvimbe na kulainika kama sifongo. Joto la kudumu la kupita nyuzi 80 hivi linaukausha mpaka unakuwa kama mti. Ozoni inauchora nyufa ndogo ndogo, zote zikikingama na upande mpira unakovutwa.

Tatizo la mauntingi za bei rahisi zinazouzwa leo kwa ajili ya magari makongwe kwa kawaida haliko kwenye mpira. Liko pale mpira unapokutana na chuma. Kiwandani, chuma kinatakiwa kipigwe mchanga, kipakwe dawa ya kwanza, kisha gundi ya kuvalkanaizia, halafu mpira mbichi uingizwe kwenye kalibu na kupikwa kwa joto na mgandamizo mpaka viwe kitu kimoja. Hatua ya kuandaa chuma haionekani kwa macho bidhaa ikishakamilika, kwa hiyo ndiyo inayorukwa.

Ushahidi utaupata kwenye mauntingi iliyokufa. Ishike iliyokatika mkononi na utazame bamba la chuma. Kama mpira umebaki umeng'ang'ania pande zote mbili na mkato umepita katikati ya mpira wenyewe, hiyo ilifanya kazi yake mpaka ikachoka. Kama bamba limetoka safi, linang'aa au lina kutu laini bila hata punje ya mpira, haikushikana tangu siku ya kwanza. Mauntingi ya namna hiyo huweza kukatika ndani ya miezi, huku mpira wake ukiwa bado mzuri kabisa. Usirudi kununua ya kiwanda hicho hata ikibadilishwa boksi.

Kabla ya kulipa, fanya ukaguzi wa dakika tano. Pitisha ukucha kwenye ukingo ambapo mpira unaishia juu ya chuma: usione mwanya, usione mstari wa mwanga, ukucha usiingie. Kama muuzaji anakubali, bana bamba moja kwenye vaisi na ulisukume lile jingine kwa mkono kando, huku na huku; ukingo ulioshikana utanyooka na kurudi, usioshikana utafunguka kama mdomo. Bonyeza ukucha katikati ya mpira. Ukizama kidogo na alama ikafutika palepale, mko pazuri. Ukiteleza kama kwenye plastiki, mpira ni mgumu mno au umezeeka. Mwenye kipima ugumu akumbuke kupima sehemu yenye unene wa milimita 6 au zaidi, maana kwenye sehemu nyembamba chuma cha chini kinadanganya kipimo. Unga mweupe au utelezi kama nta juu ya mpira mpya hauna neno. Mara nyingi ni nta ya kinga dhidi ya ozoni iliyojitokeza yenyewe juu. Wapo wanaoifuta kwa petroli ili kipuri kipendeze. Wanaiondoa kinga na kuuonjesha mpira adui wake kwa mpigo mmoja.

Kisha stadi, zile skrubu zilizotoka kwenye bamba. Za bei rahisi zimegongelewa tu kwenye bamba jembamba, na siku ya kukaza zinazunguka zenyewe mahali usipoweza kufikisha spana. Tafuta iliyochomelewa, au yenye kichwa cha pembe kilichokaa ndani ya bamba. Nyuzi za skrubu ni mtego mwingine, hasa kwa magari ya Uingereza. Stadi ya inchi 5/16 ina kipenyo cha milimita 7.94, karibu sawa na M8, yaani skrubu ya milimita 8, na nati ya M8 itakubali kuingia mzunguko mmoja au miwili kabla ya kukwama. Asiyejua huongeza nguvu. Inchi 5/16 ya UNF, aina ya nyuzi nyembamba za kipimo cha inchi, ina nyuzi 24 kwa inchi, sawa na hatua ya milimita 1.06, wakati M8 ya kawaida ni 1.25, hazitapatana hata siku moja. Kama boksi limekuja bila nati, nunua za nyuzi hizohizo, usiokote kwenye kopo la nati za zamani.

Mwisho pima urefu. Mauntingi ya zamani ikiwa imelala milimita 5 mpaka 10 chini ya mpya, usishangae wala usidhani umepewa siyo. Ndicho kimo ulichokuwa umekipoteza, na huenda ndicho kilichokuwa kinafanya feni ikaribie bomba la chini la radieta.

Ile ya zamani ambayo haijatumika

Boksi la asili, namba ya kiwanda, karatasi ya nta: inavutia sana, na wauzaji wanajua. Lakini mpira unazeeka hata ukiwa umelala. Kiwango cha ISO 2230, kinachohusu kuhifadhi bidhaa za mpira, kinaupa mpira wa asili muda wa kwanza wa miaka 5 stoo, na baada ya hapo ukaguliwe kabla ya kuongezewa muda. Boksi la mwaka 1974 limeupita muda huo mara nyingi. Ikunje kwa mkono chini ya mwanga mkali. Nyufa zikijitokeza mahali mpira unapovutika, hiyo ni ya gari la maonyesho linalosukumwa kuingia na kutoka. Isipoonyesha ufa bado unacheza kamari, na kazi ya kushusha injini ni ileile mpira ukidumu au usidumu.

Poliyurethini

Inasifiwa sana, na sifa moja ni ya haki: haiogopi mafuta ya injini. Nyingine ni kwamba nyingi zimeundwa kwa boliti inayopita katikati, au kwa vyuma vinavyofungana, kiasi kwamba hata poliyurethini ikipasuka yote injini haiwezi kunyanyuka na kuondoka. Hilo si jambo dogo. Mwishoni mwa 1971 General Motors waliita magari ya Chevrolet yapatayo milioni 6.7, ya miaka 1965 hadi 1969, kwa sababu mauntingi ikikatika injini iliweza kujinyanyua na kuvuta mafuta mpaka mwisho. Dawa waliyoitoa ilikuwa kizuizi cha waya kinachoishikilia injini isipande. Kama gari lako ni la enzi zile na mauntingi yake ni sandwichi tupu ya chuma, mpira, chuma, uliza kama ipo aina inayofungana. Utaipata pia ya mpira. Huna haja ya kwenda kwenye poliyurethini kwa sababu hiyo peke yake.

Upande wa pili wa mizani ni ugumu. Poliyurethini za mauntingi huwa kati ya 70 na 95 Shore A. Rangi haikuambii kitu, kwa sababu kila kiwanda kina mpangilio wake. Nyekundu ya huyu inaweza kuwa nyeusi ya yule. Uliza namba, na asiyeijua namba ya bidhaa yake anauza rangi. Kwenye gari kongwe ukakamavu huo unaenda kutafuta mahali pengine pa kutokea: mabano ya alternata yanapasuka, skrubu za dashibodi zinajilegeza, solda za redio zinakatika, na mlio wa giaboksi unaingia ndani kana kwamba sakafu imeondolewa. Joto nalo. Aina nyingi hulainika na kujikunja polepole zikikaa jirani na manifodi ya ekzosi bila bati la kinga. Zile za familia ya polyesta huharibiwa na unyevu na joto kwa miaka. Za familia ya polyetha huvumilia zaidi. Boksi halisemi ni ipi.

Mahali poliyurethini inapostahili pongezi ni kwenye fimbo ya kuzuia injini isiyumbe ya Mini. Injini ile imelala kimkingamo, imekaa juu ya mauntingi mbili, na fimbo fupi ya juu ndiyo inayoizuia isijipindue mbele na nyuma. Bushi za fimbo hiyo zikichoka, gari linaruka wakati wa kuondoka na bomba la ekzosi linapasuka kwenye shingo. Bushi za poliyurethini pale hazibebi uzito, zinazuia tu, kwa hiyo mtetemo unaoongezeka ni mdogo na faida unaisikia siku hiyohiyo. Mauntingi mbili za chini ziache ziwe za mpira.

Kitu kimoja kisifanywe: kuchanganya. Mpira upande mmoja na poliyurethini upande wa pili, au giaboksi ikazwe kwa kitu kigumu huku injini ikielea, maana mzigo wote utakimbilia kule kugumu na aluminiamu ya giaboksi ndiyo itakayolipa.

Kuvalkanaizi upya

Hapa unanunua kazi ya mikono, kwa hiyo unakagua fundi kuliko bidhaa. Jibu lake kwa maswali matatu litakuonyesha ni nani. Mpira wa zamani anautoaje? Anayeuchoma kwa moto mkali anaweza kulegeza bamba na chomelea. Afadhali wa kukata na kupiga mchanga. Ugumu atakaotumia ni namba ngapi? Atakayesema "mgumu kidogo ili udumu" hajaelewa kazi. Ana kalibu inayoshika vyuma katika nafasi yake ya asili? Bila kalibu, matundu yatatoka yamepishana milimita mbili tatu na utakuja kuyalazimisha chini ya gari. Mpelekee nzima ya upande wa pili kama sampuli ya kimo na pembe.

Usikubali kazi ya kubandika mpira uliokwisha kupikwa kwa gundi ya viatu, wala ile ya kujaza gundi nyeusi ya vioo vya mbele ndani ya nyufa. Gundi ya vioo ni kitu kizuri mahali pake. Juu ya mpira uliokunywa mafuta miaka ishirini haishiki, na ukiwa umejaza mianya iliyoachwa kwa makusudi ili mpira upate pa kuchezea, umeifanya iwe ngumu kwa wiki mbili kabla haijaachia.

Mauntingi zenye maji ndani tunazipita haraka, kwa kuwa magari makongwe mengi hayanazo. Ukikuta moja ina michirizi myeusi yenye unyevu chini yake na hakuna mafuta yanayovuja juu, imekwisha. Badilisha kwa ya aina hiyohiyo.

Gari lako lina ngapi?

Swali linaonekana la kitoto, lakini wauzaji wa seti hupunguza. Land Rover za Series zina nne, mbili za injini na mbili za giaboksi, na za giaboksi ndizo zinazooga mafuta, kama kila kitu kilicho chini ya giaboksi ile. Mercedes W123 ya dizeli ina mbili za injini, moja ya giaboksi, na juu yake shokapu ndogo za kutuliza injini wakati wa kuwaka na kuzima. Anayebadilisha mpira bila kuzigusa shokapu hizo atalalamika kwamba mauntingi mpya "inapiga teke" akizima, na kosa si la mauntingi. Volkswagen ya mgongo wa kobe haina mauntingi ya injini kabisa: injini inaning'inia kwenye giaboksi kwa boliti nne, na giaboksi ndiyo yenye mipira, mmoja mbele kwenye pua na miwili nyuma. Aliyekuuzia "mauntingi za injini" za gari hilo amekuuzia za giaboksi kwa jina jingine, hakuna ubaya, ila hakikisha umepata zote tatu.

Nunua seti nzima. Mauntingi ya giaboksi huachwa kwa sababu haionekani imepasuka, kumbe imelala, na ikiwa imelala injini nzima inaegemea nyuma na zile mpya za mbele zinaishi zikiwa zimepinda. Ikibidi kuanza na moja, kwa injini nyingi zilizolala kwa urefu wa gari ni ile ya kushoto ukiwa umeketi ukitazama mbele, kwa kuwa ndiyo inayovutwa juu kila unapoondoka. Au ile iliyo upande wa manifodi ya ekzosi, kwa sababu ya joto.

Kufunga, na jinsi mpya zinavyouawa siku ya kwanza

Sehemu kubwa ya malalamiko kuhusu mauntingi mpya huanzia kwenye spana. Kwanza zuia mafuta. Gasketi ya kifuniko cha valvu au pampu ya mafuta inayovuja juu ya mauntingi itengenezwe leo, la sivyo mpira mpya hautauona mwaka wa tatu. Nati zimwagiwe mafuta ya kulegeza kutu jioni ya kabla.

Injini iwe baridi. Toa waya wa hasi wa betri, zuia magurudumu, gari likae juu ya stendi na si juu ya jeki. Legeza bati la kuzungushia feni, fungua kibano cha ekzosi kilicho karibu na shingo, chomoa fimbo au kebo ya mafuta, na uangalie mipira ya radieta ina ulegevu kiasi gani. Kati ya feni na radieta chomeka kipande cha playwudi. Feni ikisogea itagusa ubao badala ya kutoboa mirija.

Kuinua injini ndipo panapoharibika zaidi. Sampu, lile bakuli la mafuta chini ya injini, ikiwa ya bati na ukaibonyeza kwa jeki tupu inaingia ndani, na tumbo lake likikaribia chujio la pampu injini inakosa mafuta kwenye mwendo, kosa ambalo halionekani mpaka beringi zimelia. Sampu ya aluminiamu haibonyei, inapasuka. Kwa hiyo ubao wa milimita 20 hadi 25, mpana karibu kama sampu yenyewe, mbali na nati ya kumwagia mafuta. Bora zaidi ni boriti ya kuninginizia injini kutoka juu, ikiegemea kingo imara za pande mbili za boneti.

Inua mpaka uzito uchukuliwe tu, legeza nati za pande zote mbili, kisha endelea polepole. Kwa magari mengi milimita 25 mpaka 40 zinatosha kuichomoa. Kila milimita kumi simama utazame distribyuta isigonge ukuta wa nyuma, na waya wa ethi, ule msuko wa shaba unaounganisha injini na bodi, usivutike. Waya huo una umuhimu kuliko unavyofikiriwa. Mauntingi ya mpira haipitishi umeme. Msuko ukikatika au ukisahauliwa, umeme wa stata unatafuta njia nyingine na mara nyingi unaipata kupitia kebo ya mafuta au ya choki. Kebo inayotoa moshi baada ya kubadilisha mauntingi imetokana na hapo.

Chuma kinachopokea mauntingi kisuguliwe kwa brashi ya waya na kukaguliwa kama kina ufa, hasa kwenye kona za mabano. Kama kulikuwa na bati la kinga ya joto, lirudi. Mafundi huliona takataka, na mwaka unaofuata wanalaumu mpira.

Sasa ingiza mpya. Nyingi zina kipini kidogo cha mwelekeo au alama ya upande wa juu. Kipini kikikaa nje ya tundu lake bamba litapanda upande mmoja na kukatika. Nati zote ziingie kwa vidole. Zote, mpaka zile za giaboksi. Ikibidi kuvuta stadi kwa bisibisi ili iingie tunduni, mahali fulani injini imekaa vibaya, na ukikaza hivyo unaufunga mpira ukiwa umepindwa kabla haujafanya kazi hata siku moja. Shusha injini mpaka uzito wote ukae juu ya mipira, itikise kwa mikono mbele na nyuma, kushoto na kulia, iache itafute mahali pake. Hapo ndipo unakaza, mbele kwanza, giaboksi mwisho.

Kitabu cha gari kikiwepo, fuata namba zake. Kisipokuwepo, kwa boliti za daraja la uimara 8.8 zenye nyuzi kavu: M8 kama Nm (nyutoni-mita, kipimo cha nguvu ya kukaza) 25, M10 kama 45 mpaka 50, M12 kama 80. Stadi za mauntingi mara nyingi ni chuma laini kuliko daraja hilo, kwa hiyo zenyewe zibaki chini kidogo ya namba hizi, na nati iwe mpya yenye nailoni au iwe na spring washa. Kukaza mpaka mpira unajikunja kama mdomo ulionuna ni kukata stadi, hakuna ulichoongeza.

Ekzosi ndiyo inayosahaulika. Injini imepanda milimita kadhaa na bomba bado limefungwa kwa kimo cha zamani, kwa hiyo linaivuta injini chini mchana kutwa na kupeleka mtetemo wote kwenye sakafu. Legeza vibano vyote, washa injini dakika moja, zima, ukaze kuanzia mbele kuelekea nyuma. Gari linalotetema zaidi baada ya kuwekewa mipira mipya, mahali pa kwanza pa kutazama ni hapo. Pa pili ni boliti ndefu kupita kiasi ambayo ncha yake inagusa bano la upande wa pili na kuiruka mauntingi nzima, chuma kwa chuma. Pa tatu ni mauntingi ya giaboksi uliyoamua kuiacha.

Kabla ya kuliondoa, pima kwa kidole nafasi ya feni pande zote, hakikisha kebo ya mafuta inarudi yenyewe, na klachi ina mchezo wake wa kawaida, maana urefu wa kebo umebadilika. Kisha magurudumu yakiwa yamezuiwa na breki imekanyagwa barabara, mtu mmoja aachie klachi kidogo kwenye gia ya kwanza na mwingine atazame injini akiwa pembeni, kamwe si mbele ya gari. Ikiegemea kidogo na kurudi, sawa. Ikinyanyuka na kutua kwa kishindo, kuna iliyokatika au nati isiyokazwa.

Mpira mpya utalala milimita moja hadi tatu ndani ya wiki za mwanzo. Baada ya kilomita 500 pitisha spana kwenye nati zote, na urudie kupima nafasi ya feni upande wa chini.